Mstari Uliopita Ukingo wa Karatasi

Juzi, katika duka la kompyuta za kulipia kwa saa hapa Kisumu, nilimkuta fundi wa zahanati moja ya kule Bondo. Friji yao ya chanjo ilikuwa inapoteza baridi. Mafundi wa ng'ambo walishaandikiana barua pepe kuhusu friji kama hiyo, na barua hizo zimehifadhiwa kwenye mtandao. Dada wa duka akaipata barua iliyofaa, akaichapa.

Fundi aliweka kidole chini ya mstari, akausindikiza hadi ukingoni, kidole kikaangukia mezani.

"Usiunganishe waya mwekundu kabla ya... Kabla ya nini, dada?"

"Mzee, karatasi imeishia hapo."

"Karatasi imeisha. Na maneno je?"

"Yako kwa kompyuta, upande wa kulia. Huyo mtu aliandika mstari mrefu sana."

"Basi nivutie nione."

"Saa yako imeisha, Baba. Lipa tena ama upishe mwenzako."

"Nimebaki na nauli ya Bondo tu." Akaikunja karatasi. "Nitaunganisha hivyo hivyo. Chanjo haziwezi kungoja."

Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi. Mtoto akifika ukingoni mwa daftari hushuka mstari wa pili. Haendelei kuandika juu ya dawati. Wanaotunza barua hizi kwenye mtandao husema mstari wa aliyeuandika usivunjwe kushushwa chini, usije ukapoteza maana. Ni heshima njema. Lakini kuukata ukingoni mwa karatasi pia ni kuuvunja, na anayekatiwa ndiye atakayeshika waya.