Mikono Nyuma

Watu hurudi safari na zawadi. Jirani yetu wa mtaa wa Ansab, mstaafu wa wizara, alirudi kutoka Antaktika na mazoea. Akiingia chumbani kwa mtu hufunga mikono nyuma. Ukimwomba picha hakuonyeshi barafu wala pengwini. Kwa kidole kinene hukuza kibanda cha mbao cha wavumbuzi wa zamani: makopo yao yangali rafuni, soksi zao zingali kwenye kamba. "Zaidi ya miaka mia, mwanangu, na hapana aliyehamisha kitu," husema kwa sauti ya chini, kana kwamba wenyewe wamelala. "Tuliingizwa wachache wachache, mikono nyuma."

Juzi nilimpelekea mkate wa ufuta nikamkuta kasimama mlangoni mwa jiko la marehemu mkewe. Dada mkubwa wa jirani alikuwa amekuja na boksi la kufungashia vyombo. Kanga ilikuwa bado msumarini, na kikombe cha mwisho cha kahawa bado mezani, masimbi yamekaukia ndani.

"Hiki nakiosha sasa hivi," alisema dada.

"Dada, nna ombi. Mikono nyuma."

Bibi yule, asiyeamrishwa na mtu, aliliweka boksi chini, akafunga mikono nyuma, akaingia.