Safari Hii Anaenda Kama Alivyo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, fundi funguo na binti yake wameshavuka daraja, wanaelekea hospitali. Baba yuko mbele, bahasha kwapani. Binti yuko hatua nne nyuma. Gauni lake la bluu amelivaa ndani nje, mishono yote hadharani.

"Dada, nguo umeigeuza," muuza magazeti anamwambia.

"Tunajua, ndugu yangu, asante," baba anajibu bila kusimama.

Atajibu hivyo mara sita kabla hawajafika hospitali. Wanatembea kwa sababu binti hapandi gari lenye redio, na magari yote ya njia hii yana redio. Mwendo ni wa saa moja na nusu.

Binti ana miaka ishirini na miwili. Wateja wa kibanda cha baba yake wanamwita Mkaguzi, maana hakuna ufunguo unaotoka pale kabla hajaupitisha kidole, akaunusa, akaurudisha kwenye tupa kama bado unakwaruza. Kwa siku wanachonga funguo kumi hadi kumi na tano. Zilizorudishwa na wateja mwaka mzima uliopita ni mbili.

"Mikono anayo," anasema baba. "Cheti ndicho hana."

Cheti cha ufundi kina mtihani wa mdomo, mbele ya watahini watatu. Mkaguzi amekaa mbele yao mara mbili, na mara zote mbili alinyamaza hadi wakamtoa. Chuo kikasema, kama kuna sababu leteni barua ya daktari, tutampa maswali kwa maandishi. Mtihani mwingine umebakiza miezi mitatu. Bila barua, nafasi ya tatu haipo.

Mwalimu mmoja pale chuoni ndiye aliyetaja usonji. Fundi hakuwahi kulisikia neno hilo.

"Nikamuuliza, ni ugonjwa wa nini huo? Akasema si ugonjwa, ni namna ubongo wa mtu unavyoipokea dunia. Basi, tangu siku hiyo sikutulia. Mimi kufuli nisilolijua ndani yake silali."

Leo ni safari ya pili. Ya kwanza waliiharibu wenyewe.

Wiki tatu nzima walimfunza. Mama alimnyooshea gauni, akamfundisha kuamkia, kujibu, kuwatazama watu katikati ya nyusi, mikono mapajani. Mtaalamu wa mambo hayo, ambaye hufika hospitali ile mara moja kwa mwezi, akauliza: binti hajambo? Hajambo. Analala vizuri? Salama. Utotoni je? Hakutusumbua. Baada ya dakika kumi na mbili wakaambiwa binti ni mpole tu, ana haya, wakarudi nyumbani.

"Ndivyo tulivyolelewa," anasema mama, ambaye kazi yake ni kufua nguo za watu. "Mtu akikuuliza hujambo, hata kama jino linakuua, unaanza na sijambo. Tulimwambia daktari salama, salama, salama, halafu tukamkasirikia hakuona kitu."

Waliporudi, Mkaguzi alikaa siku mbili chini ya meza ya kazi. Ndipo mama akaanza kuandika, nyuma ya kurasa za kalenda ya mwaka jana. *Alianza kusema akiwa na miaka minne. Hali chakula kilichogusana. Mshono ukimgusa ngozi analia, si kiburi.* Zikatimia kurasa tisa.

Wifi yake, shangazi wa binti, alizisoma akacheka. "Sijaona watu wanaopanga foleni mtoto wao akaambiwe ana kasoro. Mkiipata hiyo barua mtaitundika?"

"Nitaitundika mlangoni, wifi," mama akamjibu, "ili ukiingia usimshike mwanangu kidevu eti atazame juu."

Chumba cha mtaalamu kina meza, viti vitatu na feni inayolalamika. Mkaguzi anakaa akilitazama kufuli la kabati. Mtaalamu anauliza binti hajambo. Fundi anafungua mdomo, anaufunga, anafungua bahasha.

"Hatujui kama hajambo," anasema. "Ndicho tulichokuja kuuliza."

Mtaalamu anasoma kurasa zote tisa. Kisha anainuka na kuizima feni, na mabega ya binti yanashuka.

"Una marafiki?"

"Wateja."

"Wanakuchekesha?"

"Mteja akisema atarudi kesho, namngoja. Wengi hawarudi. Baba akifunga, mimi nabaki mlangoni."

"Unabaki kwa nini?"

"Amesema kesho."

Fundi anainamisha kichwa. Baadaye, nje ya chumba, ataeleza kwamba kwa miaka mitatu alidhani binti yake hukaa pale jioni kwa sababu anapenda upepo.

Mazungumzo yanachukua saa moja na dakika arobaini, na sehemu kubwa ni habari za kufuli. Mwishoni mtaalamu anasema, kwa anavyoona, ni usonji, ila lazima amwone mara mbili zaidi ndipo aandike.

Mkaguzi ana swali. "Wako wengine?"

"Wengi."

"Wanakaa wapi?"

"Mitaani kote. Wengine hawajui."

"Basi waambiwe," anasema, na kusimama.

Barua ilitoka wiki ya kumi na moja baada ya siku hiyo. Mkaguzi alijibu maswali kwa maandishi, peke yake chumbani. Alifaulu somo la kufuli, akaanguka la usalama kazini, na anarudia mwezi ujao. Mama bado anafua, na bado anaandika. Kalenda imemwishia, amenunua daftari. Shangazi anashikilia kwamba ni haya tu, lakini kidevu ameacha kukishika. Fundi anapanga kuongeza meza ya pili, ya binti, mbali na barabara.

Mlangoni kuna kibao kipya, mwandiko wa Mkaguzi: *Ukisema utarudi kesho, rudi. Kama hujui, sema hujui.* Wateja wanakicheka, kisha wanasema hawajui. Kibanda kinafungwa saa kumi na mbili jioni, na wote wawili wanaondoka.