Soksi ya Makaa Ndani ya Filta

Siku ile tulikuwa wanne sebuleni kwa Shosho, huko Ruiru. Shosho mwenyewe, mwalimu mstaafu ambaye magoti yake yalikuwa yameanza kumkatalia, alikaa kwenye kiti chake mbele ya tangi la samaki. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, alisimama karibu yake ameshika ndoo tupu. Mama wa maziwa kutoka Theta alikuwa mlangoni akingoja chupa zake zioshwe. Wa nne nilikuwa mimi. Nawataja wote kwa sababu wote walinisikia, na mama yetu alitulea tukijua kwamba neno baya ulilolisema mbele ya watu hulirudishi chumbani. Unalirudisha mbele ya watu wale wale.

Shosho si nyanya yetu wa damu. Tulimwita hivyo kwa heshima. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa kidato cha kwanza, nikafua nguo za watu pale Thika, kisha nikajifunza kutunza matangi ya samaki kwa mtu aliyekuwa akihama. Leo nina matangi sita: la zahanati, la kinyozi, la hoteli moja na mengine ya nyumbani. Nyuma ya chumba chetu nina mabeseni ninamooteshea majani ya majini. Tangi la Shosho ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo lenye majani mengi. Ndani yake kulikuwa na samaki saba bapa wenye mapezi marefu, aliowalea tangu wakiwa wadogo kama kucha.

Mdogo wangu alinisaidia tangu alipomaliza mtihani. Alitaka kusomea kazi ya maabara. Fomu ya chuo alikuwa nayo kwenye mkoba, imejazwa jina na tarehe ya kuzaliwa tu. Kila tulipopima maji aliinua kichupa cha kupimia hadi kwenye dirisha, akafumba jicho moja, nami nikamwambia, "Haya daktari, tuondoke."

Jumamosi iliyotangulia siku ile, nilianza na filta, kile chombo cha kuchuja maji ya tangi, kama kawaida yangu. Shosho alikuwa ameletewa gogo jipya la kupamba tangi, na lilikuwa limeyageuza maji kuwa kama chai ya rangi. Nikatia kaboni mpya. Haya si makaa ya jiko. Ni chembe nyeusi zilizotengenezwa kwa namna ya pekee, na kazi yake ni kunyonya rangi na harufu ndani ya maji na kuzishikilia. Mimi huzifunga kwenye soksi kuukuu ya shule, na kuiweka nyuma ya sponji. Sizitumii kila mara, maana kwenye tangi la majani zinaweza kunyonya hata mbolea. Zikishajaa hazifanyi kitu tena, nazitupa.

Nilikuwa nimeshafunga filta Shosho aliposema, "Hebu angalia huyu. Ana chumvi mwilini?" Nikaangalia. Vidoa vyeupe, kwenye mapezi. Mikono yangu ilikuwa imezoea kutangulia macho.

Nikamtuma mdogo wangu Thika akalete dawa. Alirudi na chupa ya bluu na karatasi ya maelezo, ameisoma njia nzima.

"Muuzaji amesema tuweke nusu kipimo kwa sababu ya majani," akasema. "Halafu hapa wameandika kaboni itolewe kwanza kwenye filta."

Ningeweza kusema asante. Lakini nilikuwa na matangi mawili mbele yangu siku hiyo, mgongo ulikuwa ukiniuma, na karatasi ile ilikuwa ya Kizungu. Nikamjibu, "Filta ni yangu. Wewe pima dawa."

Alipima. Maji yakawa bluu kama ya kufulia mashati meupe. Shosho akacheka, akasema samaki wake wamevaa sare.

Tuliporudi baada ya wiki moja maji yalikuwa meupe kabisa, na samaki watatu walikuwa wamekufa. Shosho alikuwa amewafunga kwenye gazeti ili niwaone. Alisema kesho yake tu bluu ilikuwa imeisha, akadhani ndivyo inavyokuwa.

Hapo ndipo niliposema. Nilimgeukia mdogo wangu nikasema, "Umepima maji ya kunawa ama dawa? Kitu kidogo hivi, kupima tu, kimekushinda, na unataka maabara!"

Mama wa maziwa akapiga makofi. "Ngai! Huyu ndiye atanitoa damu? Nikiugua malaria nipelekeni kwa fundi wa viatu!"

Nami nikacheka. Hilo ndilo linalonirudia zaidi, kwamba nilicheka. Shosho hakucheka. Mdogo wangu aliweka ndoo chini polepole, kama iliyojaa, akatoka nje.

Nikapima dawa mwenyewe, mara mbili, nikiinamia kizibo cha kupimia dawa hadi kisogo kikauma. Maji yakawa bluu. Nikarudi Thika nimeridhika.

Jumapili, tukitoka kanisani, Shosho akanipigia. "Mama," akasema, maana huniita hivyo akinihurumia, "bluu imeisha tena."

Nilisimama pale na simu. Safari hii nilikuwa nimepima mimi. Kama kosa halikuwa kwenye kizibo, lilikuwa kwenye kitu kingine kilichokuwa mle tangini, na nilijua ni kitu gani kabla sijaingiza simu mkobani. Nilienda Ruiru na nguo zangu za kanisa. Nikafungua filta, nikavuta soksi. Ilitoka nzito, inachuruzika maji safi. Dawa yote, yake na yangu, ilikuwa imenyonywa humo. Nikazitupa zile chembe, nikatia dawa upya.

Nilimwambia Shosho palepale. Akauliza, "Msichana anajua?"

Jioni nikamwambia mdogo wangu. Alikuwa akichambua sukuma wiki, hakuinua kichwa.

"Mbona hukunikumbusha?" nikauliza.

"Nilisema mara moja. Ukasema filta ni yako."

"Nisamehe."

"Sawa." Akaendelea na mboga. Baadaye nikaiona ile fomu, ameiweka chini ya kopo la unga. Nikaitoa, nikaipangusa, nikamwambia bado kuna karibu wiki tatu. Akasema, "Wacha tu. Hata mama wa maziwa anajua mimi na kupima ni vitu viwili."

Jumamosi iliyofuata nilimwomba twende wote. Mbele ya Shosho nilisema kosa lilikuwa langu, kwamba mdogo wangu alisoma sawa na akapima sawa. Samaki wanne walikuwa hai, na maji yalikuwa bado bluu. Jani moja pana lilikuwa limeoza, nikalikata. Shosho akampa mdogo wangu kile kichupa cha kupimia. Akakishika, akakitazama, akakirudisha. Akauliza, "Na yule mwingine aliyekuwa mlangoni?"

Mama wa maziwa hakuja siku hiyo. Hakuja tena. Shosho alisema ng'ombe wa mama huyo ameacha kutoa maziwa, na yeye Shosho hana namba yake ya simu. Kwa hiyo Jumapili mbili nimekwenda Theta baada ya ibada, nikiuliza njiani mama mwenye ng'ombe mmoja aliyekuwa akipeleka maziwa Ruiru. Mara ya kwanza nilielekezwa kwa mwingine, akanikaribisha chai. Mara ya pili nikapata lango lenyewe, lakini lilikuwa na kufuli. Jirani akasema ameenda Ngoliba kwa binti yake aliyejifungua, na hajui atarudi lini.

Fomu inatakiwa Ijumaa. Iko juu ya meza, na kopo la unga nimelihamisha. Nimemwambia mdogo wangu kwamba kesho naomba ruhusa kwa kinyozi na zahanati, niende Ngoliba. Amenisogezea viatu vyangu karibu na mlango. Katika wale watu niliowataja mwanzoni, bado mmoja hajanisikia nikilirudisha neno langu.