Nilipiga Harusi Nzima na Kamera Haina Filimu

Nimekosa, ndugu zangu, na aliyeumia zaidi si yule niliyetaka kumuumiza. Hapa Kindu watu wananiita fundi mwaminifu. Kila nikisikia hivyo nainamisha kichwa.

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi. Nilianza kabla ya vita na ninapiga mpaka leo, huku mtaa wa Alunguli. Majina nitakayotaja nimeyabadilisha.

Vita ilipoanza nilikuwa na mchumba, tumwite Zaina. Nilikuwa na rafiki pia, Asani. Tulijifunza kazi kwa fundi mmoja, tukila sahani moja. Siku moja tuliitwa wote wawili Lubutu kupiga picha za ndoa, na tukiwa huko barabara ikafungwa. Watu walikimbilia upande wa Obokote, nasi tukakimbia nao, tukawa tunalima mihogo ya wenyeji ili tule. Mimi nikapata kidonda cha mguu, nikashindwa kutembea. Asani alipopata wachuuzi wanaorudi Kindu kwa njia za porini, nilimpa barua ampelekee Zaina. Niliandika machache tu: niko hai, unisubiri.

Ukapita mwaka na zaidi. Nilipofika nyumbani, dada yangu aliniambia kabla hata sijakaa: Zaina ameolewa na Asani. Ndoa ilikuwa imeshafungwa miezi miwili nyuma, imebaki sherehe tu, Jumapili.

Sikwenda kumuuliza Asani. Sikwenda kumuuliza Zaina. Kiburi kilinizuia. Nilijiambia: alisoma barua yangu, akachagua mwingine. Basi.

Kesho yake akaja mama yake Zaina. Alisimama mlangoni, akachungulia ndani, akaniuliza kama niko peke yangu. Nikamjibu niko peke yangu. Akashika mdomo, ndipo akakaa. Sikuelewa ana nini.

Akaniomba nije kupiga picha za sherehe. Mafundi wengine wa mji walikuwa wamenyang'anywa kamera zao. Yangu ilipona kwa sababu nilikuwa nimeificha ndani ya gunia la mihogo mikavu.

"Najua iko inakuuma, mutoto wangu," alisema. "Lakini askari walibeba sanduku langu na picha zote. Sina sura yangu hata moja. Unipige na binti yangu, hata moja tu."

Nikamwambia nitakuja.

Nilikuwa na filimu moja iliyobaki. Jumapili asubuhi niliishika mkononi, nikaitazama, nikairudisha kwenye kopo lake. Nikaenda na kamera tupu. Nilitaka Asani asiwe na picha hata moja ya kuwaonyesha watoto wake siku ile aliyoniibia.

Ilikuwa sherehe ya vita. Sombe, majani ya mihogo, bila chumvi, chai bila sukari, lakini watu walicheza mpaka vumbi likapanda. Asani alinikumbatia mbele ya wote, akaniita ndugu. Nikawapanga watu, nikawaambia wasogee, wanyanyue videvu. Flashi ikawaka, wakacheka. Mama yake Zaina akakaa karibu na binti yake.

"Nimekaa vizuri?" aliniuliza.

"Vizuri, mama."

Nikabonyeza.

Baada ya siku chache niliwaambia filimu imeungua kwa joto. Hakuna aliyebisha. Vita ilikuwa imeharibu vitu vingi, hicho nacho kikahesabiwa humo. Mama yule alisema si kitu, tutapiga nyingine. Haikupita miezi mitatu homa ikamshika, dawa hakuna, tukamzika. Nilikuwa kwenye maziko. Nilibeba jeneza.

Miaka ikaenda. Nilioa, nikazaa. Nimepiga ndoa nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na maharusi wananisifu kwamba kabla ya yote ninawatafuta wazee, ninawapiga peke yao. Wanadhani ni heshima. Ni woga.

Mwezi uliopita Zaina aliingia studio yangu. Mvi zimemjaa. Asani alikufa kitambo, na binti yao anaolewa. Alisema binti anataka sura ya bibi yake iwekwe ukumbini.

"Watoto wanasema komputa ya siku hizi inaokoa picha iliyoharibika," alisema. "Unipe ile filimu iliyoungua. Hata kivuli chake tu kinatosha."

Ningeweza kusema nimeitupa. Mdomo ulikataa. Nikamwambia kweli: hakukuwa na filimu.

Hakupiga kelele. Aliketi. Nikajitetea kama mjinga, nikasema nilikuandikia unisubiri, wewe hukusubiri.

"Barua gani?" Akatikisa kichwa. "Asani aliniambia umeoa Obokote, una mke na mutoto. Mama njo alikuwa anakataa. Alikuwa ananiambia, ungoje, huyu hawezi. Siku uliporudi alikuja kuangalia kama umeleta huyo mke. Akarudi analia. Lakini ndoa ilikuwa imeshafungwa, na mimi nilikuwa na mimba."

Basi mtu mmoja aliyekuwa upande wangu mji mzima, huyo ndiye niliyemnyima sura yake.

Zaina akafuta macho, akaniuliza neno la mwisho.

"Fundi, ulimwangalia mama ndani ya kamera. Alivaa kikwembe gani siku ile? Mimi nilikuwa pembeni yake, nimesahau."

Nilitafuta kichwani. Nilimwona Asani na koti lake, nikaona hata vifungo vyake. Mama yule sikumwona. Nilimlenga kwa kamera, lakini macho yangu yalikuwa kwa Asani.

"Sikumbuki," nikasema.

Akachukua mkoba wake. Akaniomba nisije kwenye ndoa ya binti yake, akatoka, akapanda pikipiki. Ndoa ilifungwa Jumamosi. Picha alipiga fundi mwingine.

Nyie mnaosoma, sikieni. Ukisalitiwa, nenda ukaulize kwa mdomo wako kabla mkono haujafanya kitu. Asani alininyang'anya mchumba kwa uongo wa siku moja, na hilo nitalilia. Lakini yule mama hakunyimwa sura na Asani. Ni mimi niliyemwambia amekaa vizuri.