Pilau ya Uzinduzi

Kazi yangu ni kufukua makaburi ya Waingereza wa kale, wale wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kisha kuwaandikia watu wa kawaida vitabu kuhusu maisha yao. Wenzangu wa chuoni huviita vitabu vya kusomea kwenye treni. Waache waseme, vyao havisomwi popote.

Kila kitabu kilipotoka, marehemu mke wangu alipika pilau. Nikimaliza kuzungumza kwenye duka la vitabu niliwakusanya wote waliokuwepo, tukapanda treni mpaka kwetu Tottenham, wakala mpaka wakalegeza mikanda. Kitabu cha mwaka huu ni cha kwanza tangu aondoke. Nikaamua kupika mwenyewe na kuipeleka sufuria huko huko dukani. Nilitaka mtu wa kula naye jioni ile, hata mmoja.

Vitunguu vya kwanza niliviunguza, vya pili vikakubali. Nikaifunga sufuria kwa kanga ya marehemu, nikaipakata ndani ya basi. Abiria walivuta pumzi, kisha wakarudi kwenye simu zao.

Mwenye duka alikuwa ameandaa divai na karanga. Alinishukuru sana, akaiweka sufuria nyuma ya kaunta, karibu na maboksi.

Niliwasimulia wageni habari za mwanamke mmoja tuliyemfukua akiwa na bakuli la udongo karibu na kichwa, lenye masalio ya chakula. Mama mmoja wa mstari wa mbele akaniuliza, "Umeandika kwamba alipendwa. Umejuaje?"

"Kwa lile bakuli," nikamjibu. "Nani anampikia mtu asiyemjali?"

Walicheka, wakapiga makofi. Nikafupisha mazungumzo makusudi, hadithi nzuri nikaziweka kwa ajili ya wakati wa kula. Kwetu pwani mgeni haagi kabla ya kula. Kadi ya mwaliko iliandikwa mwisho saa mbili, na mimi, pamoja na miaka yangu yote London, nilidhani hiyo ndiyo saa ya kupakua.

Ilipofika saa mbili walivaa makoti. Walinipa mkono mmoja mmoja, wakasifu harufu. Yule mama aliniambia kuna mahali anasubiriwa kwa chakula. Nilikuwa nimeshika upawa. Mwenye duka akaanza kuzima taa za nyuma.

Kituoni nikampigia binti yangu anayeishi Wembley.

"Nimepika, mama. Njoo ule."

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ameshakula na kesho anaingia kazini mapema. Labda Jumapili.

"Haya, mama. Lala salama."

Nyumbani nilifungua kanga, nikala nimesimama jikoni, humo humo sufuriani. Ilikuwa imeiva vizuri, hata marehemu angekubali. Nikaweka kijiko chini.

Nikamkumbuka mwanamke wangu wa kaburini. Sura nzima nimeandika juu ya watu waliompikia, nikawapa huruma, nikawapa hata machozi. Kitabu kimeshachapwa, wala hakirekebishiki. Katika kurasa zote zile sikuwaza hata mara moja kwamba huenda aliyepika ni yeye mwenyewe, na kile tulichokikuta bakulini ni chakula alichopika akakosa mtu wa kula naye.