Nilijua Mzee Ameaga, Nikamwambia Atume Sauti Yake

Admin, jina langu usiweke, watu wa ofisi yetu wako hapa kwa page. Mimi ni mama wa miaka 43, naishi Kitengela, kazi iko Kajiado kwa mradi wa maji. Miaka tisa mimi ndiye nimekuwa nikiandika ripoti ya mwaka. Kurasa themanini, majedwali, maneno mazito. Niseme ukweli, hakuna mtu alikuwa anaisoma. Ilikuwa inazuilia mlango upepo ukianza.

Mwaka huu wakachukua msichana wa dadangu, nimwite Mwende. Hiyo kazi ni mimi nilimwombea. Akaikatakata ripoti yangu, akaitengeneza ya kusomwa kwa simu: picha, hadithi fupi fupi, na ukigusa sura ya mtu unamsikia akieleza kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai, vile maji yalimfikia. Mwenyekiti kuonyeshwa, akasema mbele ya wote ati sasa ndio ameelewa huwa tunafanya kazi gani. Miaka tisa, jamani! Nilitabasamu, lakini roho iliniuma hadi chakula kikanishinda. Niliona wivu, sitawaficha.

Kabla itumwe, Mwende akaniletea niipitie, kwa sababu mimi ndio najua watu wa huko wote. Mwanzo kabisa kuna mzee amesimama kando ya bomba, jina lake kubwa chini yake. Huyo mzee aliaga miezi mitatu iliyopita, na mazishi nilienda. Mwende alitoa picha na sauti kwa mafaili ya zamani, hakujua. Na kwa boma lao marehemu hatajwi jina ovyo, sembuse kusikika akiongea. Mimi hiyo naijua vizuri sana. Nikamrudishia simu nikamwambia, "Iko sawa, tuma."

Nilidhani ataaibika kidogo, akaripiwe, turudi kwa ripoti yangu. Mjane wa mzee sikumfikiria hata kidogo. Ilipotumwa, mjukuu wake alifungua hiyo kitu, yule mama akasikia bwanake akisalimia watu, akatoka nje kumtafuta. Vijana wake walikuja ofisini, hawakupiga kelele. Walisema tu mama yao amekataa kula.

Mwende amerudishwa nyumbani, Ijumaa kamati inaamua kama atafutwa. Alipoulizwa nani aliipitia, alisema ni yeye peke yake. Nikamuuliza mbona hakunitaja. Akaniambia, "Ningekutaja aje, auntie, na wewe ndio ulinishika mkono? Hata wewe hukujua."

Nikaenda jikoni nikajifanya napika chai.

Nikisema ukweli, kazi imeenda na dadangu hatanisamehe. Nikikaa kimya, huyu mtoto anafutwa kwa kosa nililoliona na macho yangu mawili. Msinitusi, nimejitusi ya kutosha. Nishaurini kabla ya Ijumaa: nisimame mbele ya kamati niseme nilijua? Na yule mama, nitaingia kwake na uso gani?