Futi ya Fundi wa Gisozi

Jumanne nilikwenda mtaa wa Gisozi kuulizia kiti changu kwa seremala mmoja mwenye karakana. Msumeno wa umeme ulikuwa unanguruma, na mama anayemshonea vitambaa vya makochi alikuwa amebana simu sikioni. Alikuwa anasikiliza mchezo wa redio: mwanamke anasimulia alivyoshikwashikwa kazini, na alivyoanza kupona alipopata wa kumwambia.

Seremala alimwona anahangaika kusikia, akazima msumeno. Mama akaweka simu kwenye spika, basi karakana nzima tukasikiliza.

Kipindi kilipokwisha, seremala alikuwa anaigeuzageuza futi yake ya kupimia.

"Mama, siku ile nilikupima kiuno kwa hii. Wewe ulicheka."

"Nilicheka sababu nilikuwa nahitaji kazi, bosi."

Seremala akaiweka futi mezani, mbele ya mama, bila kumsogelea.

"Unisamehe, mama."

Mama aliichukua, akaanza kupima kitambaa cha kiti changu. "Asante kwa kuzima mashine," alisema.

Wiki nzima nimemsifu seremala yule kwa kila mtu. Nisichowaambia ni kwamba siku ya kupima kiuno nami nilikuwepo, nimekuja kuagiza kiti, na nilicheka kuliko wote. Sina mashine ya kuzima. Nina safu hii ya gazeti tu.